Kuchagua Kodeki ya Simu za Intaneti kati ya Ofisi

Wakala wa forodha mwenye ofisi mpakani Tunduma na nyingine Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, anaweza kuziunganisha kwa simu za intaneti. Hata hivyo, tarakimu moja ya namba ya kontena ikisikika vibaya, nyaraka hukosewa na lori husubiri. Ndiyo maana kodeki, yaani kanuni ya kugeuza sauti kuwa data, ichaguliwe kwa makini.

Kwa kawaida, simu moja ya G.711 huhitaji takriban kilobiti 80 kwa sekunde kila upande. G.729 huibana sauti hadi takriban kilobiti 24, lakini ubora hupungua na faksi haipiti vizuri. Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, hujirekebisha kulingana na hali ya mtandao.

Tunashauri hatua tatu. Kwanza, pima kasi ya kupakia katika kila ofisi saa za kazi nyingi. Kasi ya kupakua pekee haitoshi. Pili, kadiria simu za wakati mmoja: 10 za G.711 huhitaji kilobiti 800, za G.729 huhitaji 240. Bakiza nafasi ya kazi nyingine. Tatu, hakikisha vifaa vya ofisi zote mbili vinatumia kodeki ileile.

Njia ikitosha, chagua G.711, ikiwa finyu, tumia Opus, au G.729 pale ambapo vifaa havina Opus. Kabla ya kulipa, someaneni namba ndefu katika simu ya majaribio. Isiposikika sawasawa, msitie saini mkataba.