Mafunzo Niliyopata kwa Boya la Dharura

Nilipokuwa baharia kwenye meli za mizigo kati ya Mombasa, Tanga na Unguja, vifaa vya kujiokolea vilikuwa mikononi mwangu. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu EPIRB, boya dogo linaloita msaada kupitia setilaiti.

1. Serahangi na brashi yake ni hatari kuliko dhoruba. Sanduku la boya hushikiliwa na kifaa cha duara chenye kisu ndani. Meli ikizama, kati ya mita 1.5 na 4 shinikizo la maji hukifyatua kisu, sanduku hufunguka, boya huibuka na kuanza kuita. Nimekuta kifaa hicho kimepakwa rangi pamoja na ukuta, na sanduku limezungushiwa kamba ya katani ati lisigongegonge! Boya la namna hiyo huzama na meli yake. Kifaa chenyewe hubadilishwa kila baada ya miaka 2. Soma mwezi na mwaka uliowekwa alama.

2. Usajili ni nusu ya uokoaji. Boya hurusha namba yake kwa masafa ya 406 MHz, na mtandao wa Cospas-Sarsat huifikisha kwenye kituo cha uokoaji. Miito mingi huwa ya bahati mbaya, kwa hiyo afisa wa zamu hufungua daftari kwanza, ampigie simu mwenye chombo. Niliwahi kupanda meli iliyonunuliwa mkononi. Boya lake bado lilibeba namba za nchi ya zamani badala ya 634 ya Kenya. Angepigiwa nani?

3. Boya la zamani la 121.5 MHz pekee ni pambo. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009.

4. Likishawashwa, liache liite. Betri yake hudumu angalau saa 48. Kamba yake ifungwe kwenye boti la kuokolea, kamwe si kwenye meli inayozama. Likiwaka kwa bahati mbaya, lizime na uwapigie watu wa uokoaji papo hapo, usijifiche kwa aibu.

Nawe unayenunua chombo kilichotumika, badilisha namba na usajili wa boya kabla hujapakia mzigo wa kwanza. Kama nchi yako haina daftari lake, uliza kuhusu lile la kimataifa la Cospas-Sarsat, halitozi ada.