Kufundisha Ushonaji kwa Kutumia Barakoa ya Kitambaa

Katika somo la ushonaji walimu wengi huanza na leso ya mkononi au kitambaa cha meza. Vitu hivi vina manufaa yake, lakini vina upungufu mmoja: mwanafunzi akikosea kwa sentimita moja, leso hubaki kuwa leso, naye haoni kwa nini alihimizwa kupima. Barakoa nayo hukatwa kutoka katika mraba mdogo, lakini haivumilii uzembe huo. Ikiwa fupi huacha kidevu wazi; ikipwaya, pumzi hupenya mashavuni, na aliyeivaa hudhani kwamba amejikinga na kuwakinga wenziwe, kumbe sivyo. Kwa sababu hiyo tunaipendekeza kwa mafunzo ya vipimo, marinda na mishono katika madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Maelezo ya awali

Mwalimu aanze kwa kuuliza maana ya neno lenyewe. Hapo zamani barakoa lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani na wa Omani. Tangu mwaka 2020, ulipoenea ugonjwa wa UVIKO-19, limetumika kwa kifuniko cha pua na mdomo. Hata hivyo, kinga ya namna hii si ngeni. Wakati wa tauni ya Manchuria ya mwaka 1910 na 1911, daktari Wu Lien-teh aliwahimiza watu kuvaa barakoa za shashi na pamba. Mnamo tarehe 5 Juni, 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba barakoa ya kitambaa iwe na matabaka matatu: la ndani linyonye unyevu, kama pamba, la kati lichuje, na la nje lisinyonye maji kwa urahisi, kama poliesta.

Vifaa

Vitambaa vilivyofumwa kwa kubana, karatasi, rula, chaki, mkasi, pini, sindano, uzi na pasi. Cherehani si lazima. Kanga iliyochakaa kidogo hufaa kwa tabaka la ndani na la kati. Kitambaa kipya cha pamba kifuliwe kwanza, kwani hupungua kikipata maji.

Hatua ya kwanza: karatasi

Wanafunzi wasishike mkasi wala kitambaa kabla ya kukunja karatasi. Maji yakimwagika hayazoleki, na kitambaa kikishakatwa vibaya hakirudi. Kila mmoja akate mraba wa karatasi wenye sentimita 20 kila upande, kisha apige mstari sentimita 1 kutoka kila ukingo. Hiyo ni nafasi ya mshono. Barakoa yenyewe itabaki na sentimita 18.

Sasa mwalimu aulize: rinda lenye kina cha sentimita 1.5 hula sentimita ngapi za kitambaa? Wengi watajibu 1.5. Asiwasahihishe, bali awaache wakunje na kupima. Watagundua wenyewe kwamba kitambaa huenda na kurudi, hivyo rinda moja hula sentimita 3, na marinda matatu hula 9. Ubavu utabaki na sentimita 9, ilhali katikati patafunguka kuanzia juu ya pua hadi chini ya kidevu.

Kisha watoe hesabu ya pili. Kitambaa cha mita 1 kwa mita 1 hutoa miraba 25. Matabaka matatu yakitoka humo, zitapatikana barakoa 8, na mraba mmoja utabaki.

Hatua ya pili: kushona

1. Kata miraba mitatu, na kamba nne zenye upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 45. Kunja kila kamba hadi iwe na upana wa sentimita 1, uishone.

2. Kabilisha nyuso za tabaka la nje na la ndani, kisha weka la kati juu yake. Laza kamba ndani, baina ya nyuso hizo, ncha moja ya kila kamba ikitokeza katika pembe yake.

3. Piga bandi, kisha shona kuzunguka pande zote kwa kurudisha sindano nyuma kidogo kila hatua. Acha uwazi wa sentimita 5 katika ukingo wa chini.

4. Pindua kazi kupitia uwazi huo, uuzibe kwa mkono, upige pasi.

5. Kunja marinda matatu, midomo yake ikitazama chini kwa upande wa nje. Yashikize kwa pini, kisha shona mbavu zote mbili kwa nguvu.

Hatua ya tatu: kupima kazi

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Barakoa ifuliwe, kisha kila mwanafunzi avae yake mwenyewe; haifai kuazimana. Ahesabu kwa sauti kuanzia 1 hadi 20. Je, imeteremka puani? Je, akiweka viganja karibu na mashavu anahisi pumzi? Je, anapumua bila taabu? Aliyeona kasoro aeleze chanzo chake na namna ya kuirekebisha. Tunashauri maelezo hayo yapewe alama sawa na unadhifu wa mshono, kwa kuwa mshono ulionyooka katika barakoa isiyoziba ni pambo tu.

Mwalimu asisitize pia mipaka ya kifaa hiki. Barakoa ya kitambaa haichukui nafasi ya kunawa mikono, wala haitoshi kwa mganga anayehudumia wagonjwa wa kuambukiza au kwa mchimbaji penye vumbi la mawe. Wasivalishwe watoto wachanga, wala mtu asiyeweza kuivua mwenyewe. Ifuliwe kwa sabuni walau mara moja kila siku ivaliwapo.

Zoezi

Mwanafunzi amshonee ndugu yake mdogo wa shule barakoa yenye kimo cha sentimita 15 baada ya kutoa nafasi ya mshono. Iwapo marinda matatu yatakula nusu ya kimo hicho, kila rinda liwe na kina gani? Atakayenakili kigezo cha darasani atajibu 1.5. Atakayejibu 1.25, na kuonyesha njia yake, amefahamu somo.