SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: ALPHONSE DESJARDINS NA SANDUKU LA FEDHA LA LÉVIS



Katika vyama vyetu vingi kazi ya kutunza fedha huanza kwa kujitolea. Mtu mmoja aliyeaminiwa na majirani hukabidhiwa sanduku, ufunguo na daftari, naye huifanya kazi hiyo jioni, akisha kutoka shambani. Somo hili lahusu maisha ya mtu wa namna hiyo, aliyeishi katika mji mdogo wa Lévis, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Makatibu wanaombwa walisome mbele ya wanachama, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

1. Mtu mwenyewe

Alphonse Desjardins alizaliwa Lévis tarehe 5 Novemba 1854. Hakusomea kazi ya benki. Alikuwa mwandishi wa magazeti, na mwaka 1892 akaajiriwa katika Bunge la Kanada, mjini Ottawa, kuandika kwa hatimkato hotuba zilizotolewa kwa Kifaransa.

Mwezi Aprili 1897, akiwa kazini, alimsikia mbunge Michael Quinn akieleza habari za mtu wa Montreal aliyekopa dola 150, akaamriwa kulipa riba ya dola 5,000. Wengine walisikia wakasikitika. Desjardins alisikia, akaanza kujifunza. Kwa muda wa miaka mitatu alisoma habari za vyama vya akiba na mikopo vya Ujerumani na Italia, akaandikiana barua na wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Mwingereza Henry William Wolff. Yafaa izingatiwe kuwa hakukusanya hata senti moja ya jirani kabla ya kuifahamu kazi yenyewe.

2. Chama chaanzishwa

Tarehe 6 Desemba 1900 watu zaidi ya 100 wa Lévis walikutana wakaanzisha chama chao. Kiliitwa Caisse populaire, yaani sanduku la fedha la watu wa kawaida. Hisa moja ilikuwa dola 5, lakini mwanachama aliweza kuilipa kidogo kidogo, senti 10 kila juma. Tarehe 23 Januari 1901 fedha zilianza kupokelewa. Mtu wa kwanza alileta senti 10, na makusanyo yote ya siku hiyo yalikuwa dola 26 na senti 40.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kisichofunikwa huliwa na panya. Kwa hiyo kanuni za Lévis zilikuwa wazi. Mkopo ulitolewa kwa mwanachama tu, kwa shughuli iliyotajwa, na baada ya tabia yake kutazamwa na watu wanaomfahamu. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, hata akiwa na hisa nyingi. Halmashauri ya uongozi, kamati ya mikopo na kamati ya usimamizi zilitenganishwa. Tena wajumbe wa kamati ya mikopo na wa kamati ya usimamizi hawakuruhusiwa kukopa, ili mkono unaogawa usiwe ndio unaopokea.

3. Mama Dorimène

Kazi ya Bunge ilimlazimu Desjardins kukaa Ottawa miezi mingi ya mwaka. Nyumba yake ya Lévis ilitumika kama ofisi ya chama, na mke wake, Dorimène, ndiye aliyebaki akipokea fedha, akiandika hesabu na kuwahudumia wanachama, huku akilea watoto. Hakulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kwa miaka kadhaa tangu 1903 uendeshaji wa kila siku ulikuwa mikononi mwake.

Wakati huo hapakuwa na sheria iliyokitambua chama. Amana ziliongezeka, na pamoja nazo hofu: kama hasara ingetokea, nani angedaiwa? Dorimène aliona hatari ya jamaa yake kupoteza kila kitu kwa ajili ya fedha za watu wengine. Desjardins alihangaika kutafuta sheria mpaka Bunge la Quebec likaipitisha mwaka 1906. Alipojaribu kupata sheria ya Kanada nzima, muswada ulishindwa katika Baraza la Seneti mwaka 1908 kwa kura moja tu. Mwaka huo huo aliwasaidia wafanyakazi wenye asili ya Quebec katika mji wa Manchester, New Hampshire, kuanzisha chama cha kwanza cha akiba na mikopo nchini Marekani. Vyama vyetu vya akiba na mikopo ni vya ukoo huo.

4. Mafunzo kwetu

Watu husema kuwa chama cha Lévis kilisimama kwa sababu mwanzilishi wake alikuwa mwaminifu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mtu mwaminifu naye husafiri, huugua na hufa. Chama hicho kilisimama kwa sababu uaminifu wake uliandikwa katika daftari ambalo mtu mwingine aliweza kulifungua, akalisoma na kuendelea nalo.

Katika ukaguzi nimekuta chama cha msingi ambacho mweka hazina wake alikuwa mtu mwema asiyeshukiwa na yeyote. Alifariki ghafla. Ndani ya sanduku mlikuwa na fedha, lakini stakabadhi za miezi minne hazikuwa zimeingizwa katika daftari la fedha taslimu, na mikopo mingine aliiweka kichwani mwake. Wajane wawili waliodai kuwa na akiba walishindwa kuithibitisha, na watoto wa marehemu wakaanza kuitwa watoto wa mwizi. Marehemu hakuiba. Hakuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jina jema la mtunzaji hupotea pamoja nayo.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, usione haya kuhesabiwa fedha, wala usimwonee haya mzee unayemheshimu pale inapokupasa kumhesabia. Andika stakabadhi mbele ya mwenye fedha. Funga hesabu siku ile ile. Linganisha fedha zilizomo na daftari mbele ya mjumbe mmoja. Mfundishe mtu wa pili kazi yako.

Desjardins mwenyewe hakudai kuwa jina lake latosha. Katika siku zake za mwisho, akiwa mgonjwa, alivihimiza vyama viungane na kuwa na ukaguzi wa pamoja. Alifariki Lévis tarehe 31 Oktoba 1920 kabla ya kuliona jambo hilo likitimia. Shirikisho la jimbo zima liliundwa mwaka 1932, na ukaguzi wa vyama ukawa miongoni mwa kazi zake.

Maswali ya kujadiliwa

(a) Mweka hazina wetu akiugua leo, nani ataweza kuendelea na hesabu kesho asubuhi?
(b) Je, wajumbe wa kamati yetu ya mikopo wanakopa? Nani huidhinisha mikopo yao?
(c) Mara ya mwisho fedha za chama zilihesabiwa lini, mbele ya nani, na jambo hilo liliandikwa wapi?

Chama kisichoweza kujibu swali la kwanza kisingojee mkutano mkuu. Kianze juma hili.