Kampuni Moja Inapoinunua Nyingine: Ushindani wa Watengenezaji wa Programu za Hesabu

Mkulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, hutegemea lori kufikisha kabichi zake sokoni Morogoro. Ichukuliwe kwamba malori ni mawili, na mwenye la kwanza akalinunua la pili. Nauli ya mzigo yaweza kupanda. Lakini likitokea lori la tatu, mkulima atapakia humo kesho yake.

Mweka hazina wa halmashauri hana wepesi huo. Kuihama programu ya kompyuta inayotunza hesabu kwataka kuhamisha kumbukumbu za miaka mingi, kuwafundisha watumishi upya na kuunganisha tena njia zote za malipo. Kwa hiyo, anayeinunua kampuni ya programu za namna hii hanunui ufundi tu. Hununua pia wateja wasioweza kuondoka upesi, pamoja na ada wanazolipa kila mwaka kwa ajili ya matengenezo.

Mfano mashuhuri ulitokea Marekani. Mwezi Juni 2003 kampuni ya PeopleSoft ilitangaza kuinunua J.D. Edwards. Siku chache baadaye Oracle ikatangaza kuinunua PeopleSoft yenyewe, bila ridhaa ya wakuu wake. Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani kuzuia ununuzi huo, ikashindwa mwaka 2004. Januari 2005 Oracle ikaichukua PeopleSoft kwa dola zipatazo bilioni 10.

Je, ushindani ulikwisha? La. Mwezi huohuo SAP ya Ujerumani iliinunua TomorrowNow, kampuni ndogo iliyowahudumia wateja wa PeopleSoft kwa nusu ya ada. Mapambano yakahama: badala ya kuuza programu mpya, wakubwa hao wakawa wananyang'anyana wateja wa zamani. Mwaka 2007 Oracle ilishtaki kwamba programu zake zimenakiliwa bila haki. TomorrowNow ikafungwa mwaka 2008, na baadaye SAP ikakubali kuwajibika.

Tanzania nayo imo katika habari hii. Platinum Software ya Marekani iliinunua DataWorks mwaka 1998, ikajiita Epicor mwaka 1999. Kisha Epicor nayo ikauzwa kwa wawekezaji mwaka 2011, 2016 na 2020. Programu ya Epicor ndiyo iliyotunza hesabu za halmashauri nchini, za Morogoro zikiwamo, nazo hazikuwa na kauli katika mauzo hayo. Baadaye Serikali ikaweka mahali pake MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliotengenezwa na wataalamu wa nyumbani. Wahasibu wakalazimika kujifunza upya, na gharama ya kuhama, ambayo wauzaji huitegemea sana, ikalipwa.