Somo la Kikundi: Tunalipa Nini Hasa? Funzo Kutoka kwa Mkataba wa Madaktari wa Meno



 

Somo letu mara hii ni juu ya jambo ambalo limevunja vikundi vingi, nalo ni mapatano ya kazi. Kikundi kinachanga pesa kwa jasho, kinamwita fundi, kinalipa, halafu kazi inaharibika. Hapo lawama zinaanza. Wengine wanasema fundi ni mwizi, wengine wanasema mwenyekiti amekula. Lakini mara nyingi hakuna aliyeiba. Kosa lilikuwa ndani ya mapatano yenyewe tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeliona.

Ili tulione vizuri tutatumia mfano wa mbali kidogo: jinsi serikali ya Uingereza ilivyowalipa madaktari wa meno. Msishangae. Jino likiuma usiku, tajiri na maskini wanalia sawasawa. Na kama nchi yenye wasomi na wakaguzi wengi namna hiyo ilikosea mkataba, basi hata sisi tuna jambo la kujifunza.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo kila mwanachama aweze:
1. Kueleza kwamba mtu hufanya kile anacholipwa kufanya.
2. Kutaja njia nne za kumlipa fundi, na ubaya wa kila moja.
3. Kuuliza maswali ya adabu juu ya huduma ya meno katika hospitali ya serikali iliyo karibu.

TUANZE SHAMBANI

Tuseme kikundi chenu kinataka mashimo 200 ya kupanda miche. Mnamwita kijana mwenye jembe. Mtamlipaje?

Mkimlipa kwa kila shimo, atachimba mengi, lakini yatakuwa mafupi. Mkimlipa kwa siku, shimo litakuwa zuri, lakini siku zitakuwa nyingi na kivuli cha mwembe kitamwita mara kwa mara. Mkimlipa jumla kwa kazi yote, atakimbiza amalize aende zake. Na mkisema mtamlipa kwa kila mche utakaokuwa hai baada ya mvua, atakubali shamba lenye udongo mzuri na kulikataa lile lenye mawe. Kumbe lenye mawe ndilo lilikuwa na shida zaidi!

Kijana huyu si mtu mbaya. Anafuata njia ambayo ninyi wenyewe mmemchorea. Hakuna njia ya kulipa isiyo na ubaya wake. Kwa hiyo kikundi chenye busara huchagua njia, halafu hujiuliza: njia hii itamvuta fundi upande gani? Na upande huo, nani wetu atakuwa anaangalia?

Haya, sasa twende Uingereza.

KISA CHENYEWE

Tarehe 5 Julai 1948 serikali ya Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa. Mwananchi alitibiwa bila kulipa mlangoni, na meno yalikuwamo. Watu wakamiminika. Wengi walikuwa wamekaa na meno mabovu miaka mingi kwa kukosa pesa, na meno bandia yalitakiwa kuliko ilivyotazamiwa. Gharama ikapanda. Mwaka 1951 serikali ikaanza kutoza ada kwa meno bandia, na waziri Aneurin Bevan, ambaye ndiye aliyeianzisha huduma hiyo, akajiuzulu kwa kupinga ada za meno bandia na miwani. Mwaka 1952 ada ikawekwa kwa matibabu ya meno pia.

Madaktari wengi wa meno hawakuwa waajiriwa wa serikali. Walikuwa na vyumba vyao vya kazi, na serikali iliwalipa kwa mkataba: kuziba jino bei yake, kung'oa bei yake. Kama yule kijana wetu na mashimo! Daktari aliyeziba mengi alipata zaidi. Aliyekaa na mama kumfundisha jinsi ya kulinda meno ya mtoto hakupata kitu kwa muda huo. Hatari ilikuwa ni kuziba hata jino lisilohitaji. Mwaka 1986 kamati iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti juu ya matibabu ya meno yasiyo ya lazima.

Lakini angalieni jambo moja jema la mpango huo wa zamani. Bodi moja mjini Eastbourne ilipitia madai ya madaktari, na kulikuwa na maofisa walioweza kumwita mgonjwa na kumwangalia mdomoni, waone kama kazi iliyolipiwa imefanyika. Hesabu ya karatasi ilifuatwa mpaka kwenye jino lenyewe.

Mwaka 1990 mkataba ukabadilishwa. Pesa zilizolipwa zikapita makadirio, na mwaka 1992 serikali ikapunguza malipo. Madaktari wengi walikasirika na wakaanza kupokea zaidi wagonjwa wa kulipa wenyewe. Mwaka 1999 waziri mkuu Tony Blair aliahidi kwamba katika miaka miwili kila mtu ataweza kumwona daktari wa meno wa huduma ya taifa. Lakini Februari 2004, katika mji wa Scarborough, chumba kipya cha daktari wa meno kilipofunguliwa mamia ya watu walipanga foleni barabarani ili waandikishwe.

MKATABA WA 2006

Tarehe 1 Aprili 2006 mkataba mpya ulianza England na Wales. Serikali ilitaka kumaliza ile tabia ya kuziba na kuziba. Ikafuta orodha ya ada karibu 400 na kuweka mafungu matatu tu. Kila fungu lilikuwa na pointi zake:

- Kuangaliwa na kusafishwa meno: pointi 1.
- Kuziba, kung'oa, au kutibu mzizi wa jino: pointi 3.
- Meno bandia, au kuvika jino kofia: pointi 12.

Kila daktari alipewa idadi ya pointi za kutimiza kwa mwaka, na malipo yake yakapangwa kufuatana nazo. Akipungukiwa kupita kiasi, yaani chini ya asilimia 96, pesa zilirudishwa. Akimaliza mapema, kazi ya ziada haikulipwa.

Sasa tusimame hapa tufanye hesabu pamoja. Chukueni kijiti mwandike chini.

Mgonjwa wa kwanza ana jino moja la kuziba. Pointi 3. Mgonjwa wa pili hajamwona daktari miaka kumi, ana meno sita ya kuziba. Pointi ngapi? Ni 3 zile zile. Mgonjwa wa tatu ana gego lililooza mpaka ndani. Kutibu mzizi wake kunaweza kuchukua zaidi ya saa moja: pointi 3. Kuling'oa ni dakika chache: pointi 3.

Wewe ungekuwa daktari, una kodi ya nyumba na mshahara wa msaidizi, ungemkaribisha yupi? Na lile gego, ungelitibu au ungeling'oa?

Ndivyo ilivyokuwa. Julai 2008 kamati ya afya ya bunge ilitoa ripoti yake. Ilionyesha kwamba kutibu mizizi ya meno kulikuwa kumepungua kwa asilimia 45 tangu 2004, na kung'oa kumeongezeka. Mdomo wa mtu haukuwa umebadilika kwa miaka minne. Kilichobadilika ni mkataba.

Walioumia zaidi ni wale wenye meno mabovu zaidi, yaani maskini. Mpango uliotengenezwa ili uwasaidie ulimfanya mgonjwa wao kuwa mzigo kwa daktari.

KUONGEZA SUKARI BILA KUBADILI CHAI

Marekebisho yalikawia. Ripoti ya mwaka 2009 ilishauri njia nyingine, na majaribio yalianza 2011, lakini yalifungwa mwaka 2022 bila nchi nzima kupata mkataba mpya. Novemba 2022 ndipo pointi za fungu la pili zilipoongezwa: meno matatu au zaidi yakapata pointi 5, na mzizi wa gego pointi 7. Ilikuwa ni miaka kumi na sita baadaye!

Mapema mwaka 2024 serikali ikatangaza nyongeza ya pauni 15 hadi 50 kwa kila mgonjwa mpya atakayepokelewa. Mwezi huo huo wa Februari, mjini Bristol, foleni ya kuandikishwa kwa daktari wa meno ilikuwa ndefu hata polisi wakafika. Aprili 2025 kamati ya bunge inayokagua hesabu za serikali ikaeleza matokeo: nyongeza hiyo iligharimu angalau pauni milioni 88, na wagonjwa wapya walipungua kwa asilimia 3. Na wakati watu wanapanga foleni, mamia ya mamilioni ya pauni yaliyotengwa kwa meno yalibaki bila kutumika kwa mwaka mmoja, kwa kuwa madaktari hawakuzitaka kazi hizo kwa bei hizo.

Hata hivyo tutoe sifa inapostahili. Haya yote tunayajua kwa sababu kulikuwa na watu wa kuhesabu na kuyatangaza hadharani, hata yalipoiaibisha serikali. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari halikuuponya mkataba, lakini bila daftari wangeendelea kuwalaumu madaktari tu.

NENO LA MUNGU

Someni pamoja Mwanzo 30:25-43 na 31:1-9. Labani na Yakobo walipatana kwamba mshahara wa Yakobo utakuwa wanyama wenye madoadoa na mabaka. Kukawa na nini? Wakazaliwa wenye madoadoa wengi. Labani akabadilisha mapatano tena na tena, na Yakobo analalamika kwamba amebadilishiwa mshahara mara kumi. Mwisho wake ni kutoaminiana na kutoroka na familia nzima.

Tunaona mambo mawili. La kwanza, mfanyakazi huelekea kule mshahara uliko. La pili, mwajiri anayebadilisha mapatano kila mara bila kukaa chini na mfanyakazi hujenga chuki. Haki inadaiwa pande zote mbili, kwa mwenye mali na kwa mwenye jasho.

NA SISI HAPA NYUMBANI?

Kwetu Kenya mambo ni tofauti. Daktari wa meno katika hospitali ya serikali huajiriwa kwa mshahara. Yuko kama kijana wa kulipwa kwa siku. Kwa hiyo hofu yetu si kwamba atakimbiza pointi. Sisi tunahitaji kuuliza: yupo siku gani, na ana vifaa?

Tangu 2013 hospitali nyingi na zahanati ziko chini ya kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 juu ya kupata habari inataka ofisa ajibu ombi ndani ya siku 21. Na baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno ndilo linalosema nani ana kibali cha kutibu. Yule anayepita sokoni na koleo mfukoni hana.

Maswali ya kuuliza hospitalini ni haya:
1. Daktari wa meno anapatikana siku gani za wiki?
2. Mwezi uliopita wangapi waling'olewa, na wangapi walizibwa?
3. Kama karibu wote waling'olewa, sababu ni nini? Je, wagonjwa wanachelewa kuja? Dawa ya kuziba imekwisha? Au kiti kimeharibika?
4. Katika makadirio ya kaunti ya mwaka huu, ni kiasi gani kimetengewa meno?

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Mama akipoteza gego ambalo lingezibwa, halirudi tena. Atatafuna upande mmoja maisha yake yote. Na kama sababu ni kiti kibovu, hilo ni jambo la kupeleka kwenye kikao cha makadirio ya kaunti kabla pesa hazijagawanywa, siyo baada.

Tafadhali, msiende kama askari. Nendeni watu wawili au watatu, pamoja na mwandishi wa kikundi. Salimieni, jitambulisheni, ombeni kuketi. Daktari huyo huenda amelalamikia kiti hicho mwaka mzima bila mtu wa kumsaidia kusema.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kumbukeni kazi moja ambayo kikundi kililipia ikaharibika. Tulilipa kwa njia gani? Njia hiyo ilimvuta fundi upande gani?
2. Nani alipewa kazi ya kuangalia? Aliangalia karatasi tu, au alifika kwenye kazi yenyewe?
3. Je, sisi tumewahi kuwa Labani kwa kibarua wetu?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, andikeni mapatano ya kazi moja iliyo mbele yenu katika ukurasa mmoja: kazi ni nini, itakuwa imekamilika vipi, malipo ni kiasi gani na kwa njia gani, nani ataikagua na siku gani, na mkikosana mtakwenda kwa nani. Msomeeni fundi kwa sauti. Akiwa na neno, msikilizeni, kwa maana yeye anaijua kazi kuliko ninyi. Halafu wote watie sahihi au kidole gumba.

Na watoto wapige mswaki usiku kabla ya kulala. Hilo halihitaji mkataba wa mtu yeyote.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.