Mpango, Mpangilio na Mfuatano: Jinsi Roboti Inavyofunzwa Kupakia Shehena Mseto

Utangulizi

Apitaye karibu na bandari ya Kilindini huyaona makontena yaliyopangwa yakapangika, akadhani kazi ngumu ni ya winchi zinazoyainua. Hata hivyo, ipo kazi ngumu zaidi inayotangulia ghalani, mlango wa kontena ukiwa wazi: katoni za vigae, mapipa ya sabuni ya maji, magodoro na masanduku ya vioo yanangoja kuingia mahali pamoja. Hiyo ndiyo shehena mseto. Makala haya yananuia kueleza jinsi roboti inavyopangiwa kazi ya kuipakia kwa usalama. Tunashikilia kwamba ugumu mkuu umo katika mfuatano wa kuweka vitu, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni tatizo la nafasi tu.

Istilahi

Kitenzi 'panga' kina maana mbili zinazotuhusu: kuamua kabla ya kutenda, na kuweka vitu mahali pake. Hapa, mpangilio ni sura ya mwisho ya shehena, kila sanduku likiwa limetulia. Mfuatano ni zamu ya kuingia, lipi kwanza na lipi baadaye. Mpango unajumuisha vyote viwili, pamoja na njia itakayopitwa na mkono wa roboti kutoka nje hadi ndani. (Neno 'roboti' tumeliweka katika ngeli ya I-ZI, ijapokuwa wapo watakaotaka liingie A-WA kwa kuwa lina mkono. Mjadala huo tunauachia toleo jingine.)

Mpangilio

Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani yenye urefu wa takriban mita 5.9, upana wa mita 2.35 na kimo cha mita 2.39. Tarakilishi hupewa vipimo hivi na vya kila sanduku, kisha hutakiwa kutafuta mahali pa kila kimoja. Masanduku kumi tu yanaweza kufuatana kwa njia 3,628,800, kabla hatujauliza kila moja lilazwe kwa ubavu upi. Kwa sababu hiyo, wataalamu huridhika na jibu zuri linalopatikana upesi. Mnamo mwaka 1980, George na Robinson walipendekeza shehena ijengwe kama kuta, ukuta baada ya ukuta, kutoka upande wa ndani hadi mlangoni. Mwaka 1995, Bischoff na Ratcliff walikumbusha kwamba kujaza nafasi hakutoshi: kuna uthabiti, mgawanyo wa uzito, na uwezo wa sanduku kubeba jingine.

Mgawanyo wa uzito unahitaji kuangaliwa kwa makini. Mwongozo wa upakiaji uliotolewa mwaka 2014 na mashirika ya kimataifa ya usafiri wa majini na ya kazi, pamoja na tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia Ulaya, unashauri kwa jumla kwamba kitovu cha uzito kisipotoke kutoka katikati ya kontena kwa zaidi ya asilimia 5 ya urefu wake. Tuseme shehena ni tani 10. Nusu moja ikibeba tani 6 na nyingine 4, na kila nusu imesambazwa sawasawa, kitovu kitasogea takriban sentimita 30, nao ndio ukingo wa ruhusa. Zikiwa 7 kwa 3, kitasogea maradufu, na kontena laweza kuinama likiinuliwa au kulipindua lori kwenye kona. Manahodha wa majahazi walilijua jambo hili zamani, wakatia farumi ngamani ili chombo kisipinduke. Katika kontena, shehena yenyewe ndiyo farumi.

Mfuatano

Mpangilio uliotimia waweza kuwa imara ilhali hauwezi kufikiwa. Fikiria sanduku refu jembamba lenye vioo. Likibanwa na majirani wawili, halitikisiki. Likitangulia majirani hao, litaanguka hata kabla mkono haujarudi. Programu basi haina budi kuupima uthabiti katika kila hatua. Hali kadhalika, mkono unaonyonya sanduku kutoka juu hauna pa kupita katika safu ya mwisho chini ya paa. Sanduku hilo lazima lishikwe ubavuni na kusukumwa taratibu.

Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba 'pangua' ni kauli ya kutendua, na tendo hutangulia kutenduliwa kwake. Kwa baadhi ya roboti mambo yamekwenda kinyume. Stretch, roboti ya Boston Dynamics iliyotangazwa mwaka 2021, ilianza kwa kazi ya kupakua katoni. Anayepakua huikuta shehena imekwisha kupangwa na mwingine. Anayepakia huchagua, na kosa la sanduku la tatu huenda likaonekana kwenye la thelathini.

Uzito wa karatasini

Mpango wowote hutegemea taarifa, na taarifa hudanganya. Meli ya MSC Napoli ilipopasuka katika Mlango-Bahari wa Uingereza mwezi Januari 2007, wachunguzi walipima makontena yapatayo 660 ya sitahani yaliyobaki makavu. Makontena 137 yalikuwa na uzito uliotofautiana na ule uliotangazwa kwa zaidi ya tani tatu. Tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya kimataifa inadai uzito wa kontena lililojaa uthibitishwe kabla halijapakiwa melini. Roboti yenye vipimaji vya nguvu kifundoni huweza kukisia uzito wa kila sanduku inapoliinua. Ikigundua pipa ni zito kuliko ilivyoandikwa, hupanga upya vilivyobaki nje, kwani kupangua vilivyomo ndani ni ghali. Katoni ikianza kubonyea, isimame na kumwita mtu.

Ukuta wa mwisho, ule wa mlangoni, unastahili hadhari ya pekee. Hauna jirani wa kuuegemeza, na safari ya baharini huutikisa kwa majuma. Lazima usimame wenyewe au ufungwe kwa mikanda, kwa kuwa atakayefungua mlango huko uendako hakuwepo wakati wa kupakia, naye atasimama papo hapo unapoweza kuangukia.