Kikoi, Hakuna Matata na Daftari la Wageni: Suala la Maana katika Usajili wa Alama za Biashara Ughaibuni

Mnamo mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno KIKOY liwe alama yake ya biashara nchini humo. Lau ombi hilo lingepita, mfanyabiashara wa Mombasa aliyepeleka London nguo zilizoandikwa 'kikoi' angejitia katika hatari ya kushtakiwa kwa kulitaja vazi kwa jina lake. Shirika la Traidcraft, likiwatetea watengenezaji wa Kenya, liliweka pingamizi mwaka 2007, na mwaka uliofuata ombi likaachwa. Aghalabu tukio hili husimuliwa kama kisa cha wizi. Makala hii inalitazama kwa jicho la semantiki, kwani swali lililozuka lilikuwa swali la maana.

Sheria ya alama za biashara haiulizi neno ni la nani. Huuliza neno hilo lina uhusiano gani na bidhaa. 'Saruji' haiwezi kuwa alama ya saruji, kwa kuwa kila muuzaji analihitaji neno hilo; lakini 'Simba' ni alama ya saruji inayotengenezwa Tanga, na hakuna anayedhani mna mnyama ndani ya mfuko. Wanaisimu tumezoea kusema kwamba uhusiano wa neno na kirejelewa chake ni wa nasibu. Msajili naye anautafuta unasibu, ila wa daraja ya pili: baina ya neno lenye maana tayari na bidhaa isiyohusiana na maana hiyo.

Tatizo ni hili: maana kwa nani? Mwaka 2006 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitoa uamuzi kuhusu neno la Kijerumani 'Matratzen', yaani magodoro, ambalo lilikuwa limesajiliwa Uhispania kuwa alama ya magodoro. Mahakama ilisema kwamba neno la lugha moja laweza kusajiliwa katika nchi nyingine ikiwa wanunuzi na wafanyabiashara wa huko hawaelewi maana yake. Ikiwa Kijerumani, chenye wasemaji mamilioni mlangoni pa Uhispania, hakikupata kinga, Kiswahili kitapata ipi? Kinga ya 'kikoi' huko Uingereza haitokani na kuwa neno letu. Inategemea kuthibitishwa kwamba wanunuzi au wafanyabiashara wa vitambaa wa huko wanalijua kuwa jina la vazi. Tahajia ya 'y' haibadilishi jambo, kwani alama hulinganishwa kwa sura, kwa matamshi na kwa maana.

Kisa cha 'hakuna matata' ni kinyume cha hicho. Kampuni ya Disney iliomba kuusajili msemo huo Marekani mwaka 1994, filamu ya The Lion King ilipotoka, na ikapewa usajili wa mavazi mwaka 2003. Mwaka 2018 malalamiko yalienea duniani. Sisi wa Pwani tulikuwa na sababu zaidi ya kukereka, maana Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameuimba msemo huo katika 'Jambo Bwana' tangu 1982. Hata hivyo, usajili huo haumzuii yeyote kusema wala kuimba. Unahusu matumizi ya msemo kama alama ya bidhaa zilizotajwa. Nao ulipita kwa sababu 'hakuna matata' hauelezi chochote kuhusu fulana. Kwa maoni yangu, uchungu wa watu ulikuwa wa haki, lakini hoja ya kisheria ilikuwa dhaifu kuliko ile ya kikoi.

Tuchukulie sasa fundi wa Shika Adabu, kule Likoni, anayeshona mikoba ya kikoi na kutaka kuiita 'Shika Adabu'. Kwa msemaji wa Kiswahili hii ni amri (na jina zuri la mkoba, nadhani). Kwa msajili wa Kenya ni jina la mahali, na kifungu cha 12 cha Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, hakiyapokei kwa wepesi majina ya mahali. Kwa msajili wa London ni sauti tupu, na kwa hiyo ni alama nzuri kabisa. Atakayetangulia huko, awe fundi wetu au mgeni aliyepita likizoni Diani, ndiye mwenye nafasi. Ni kweli kwamba sheria ya Uingereza ya 1994 inakataza maombi yenye nia mbaya, lakini mzigo wa kuithibitisha nia hiyo humwangukia mlalamikaji.

Fundi huyo akiwasilisha ombi kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI), ana miezi 6 ya kudai tarehe hiyohiyo katika nchi nyingine. Kenya iliingia katika mfumo wa Madrid mwaka 1998, kwa hiyo anaweza kupitia KIPI kutaja Uingereza, Omani au, tangu mwishoni mwa 2021, Falme za Kiarabu. Ila kila nchi itapima kwa sheria yake. Asisahau jirani: akishika barabara iendayo Lungalunga na kuvuka mpaka, usajili wake wa Kenya umeishia pale, na Tanzania Bara na Zanzibar zina madaftari mawili tofauti.

Madaftari mengi ya ng'ambo humtaka mwombaji aeleze maana ya maneno yasiyo ya lugha ya nchi, na ombi hutangazwa kabla ya kusajiliwa: Uingereza hutoa miezi 2 ya kupinga, Kenya siku 60. Katika kipindi hicho ndipo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, inayoorodhesha 'kikoi' kama nomino ya kawaida, huwa ushahidi. Na msomaji wake wa kwanza pengine ni mwanafunzi wa idara yetu.